Shuka za Jumapili

Kama uliwahi kulazwa katika hospitali ya mji ule wakati wowote ndani ya miaka ishirini na miwili iliyopita, shuka uliyolalia ilipita mikononi mwa Mama Shuka. Hukumwona, kwa sababu chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, baada ya jiko na kabla ya shimo la kuchomea taka, na hakuna mgonjwa anayefika huko kwa miguu yake. Ni chumba kirefu chenye boila inayonguruma kama imeudhiwa, meza ya saruji ya kukunjia, na mashine mbili kubwa: moja inafua, ya pili inasubiri kipuri tangu enzi za mganga mkuu wa zamani, ambaye sasa ana wajukuu. Mama Shuka mwenyewe alikuwa mfupi, mabega mapana, mikono imepauka kwa sabuni hadi viwikoni, na ulimi usiojua kukaa kimya.

Kazi ile ina elimu yake. Damu huanza na maji baridi. Ukiitia kwenye maji ya moto kwanza, doa linapikwa pamoja na nyuzi na halitoki tena, usugue usisugue. Divai ni kinyume chake, inataka maji ya moto yanayochemka, tena mengi. Haya Mama Shuka aliwafundisha wenzake wawili, wanawake vijana wenye watoto wa kunyonya. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumfundisha mtu. Kila alipomaliza kukunja shuka aliipiga kofi dogo kwa kiganja, akasema chini kwa chini, "Alale salama, aamke mzima," kisha akaiweka kwenye rundo. Shuka mia mbili, makofi mia mbili. Hakuiita sala. Ungemwambia kwamba ile ni sala angekuuliza kama huna kazi ya kufanya.

Kilichomtesa mwanamke huyu hakikuwa hospitalini. Kilikuwa kanisani, na kilikuwa kimemwoa dada yake.

Shemeji yake alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Siku aliyostaafu mahakama ilishusha pumzi, na kanisa likapata mzee mpya wa baraza. Kabla yake kanuni za kanisa lile zilikuwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni: pendaneni, fikeni mapema, msiteme mate ukumbini. Yeye akaisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda kununua daftari. Baada ya miaka saba kanuni zilikuwa vifungu sitini, na watu walikuwa wameacha kumwita kwa jina lake, wakawa wanamwita Kifungu. Kulikuwa na kifungu cha urefu wa maombi, kifungu cha upana wa kofia za akina mama, na kifungu kilichoeleza ni wakati gani wa ibada mtu anaweza kucheka na meno mangapi yaonekane. Na tusimsingizie: hakuwa mnafiki wakati huo. Aliamini kwa moyo wote. Aliamini kwamba mbinguni kuna masijala, na kwamba siku ya mwisho mtu atasimama dirishani na faili lake, na ole wake ambaye karatasi zake hazijapigwa muhuri.

Kifungu cha ishirini na tatu ndicho kilichomkata Mama Shuka. Kilisema hivi: "Mshiriki afanyaye kazi ya mikono siku ya Bwana asije kwenye meza ya Bwana, wala mshiriki mwingine yeyote asinufaike na kazi hiyo, na akinufaika naye asije." Chini yake, kwa wino mwekundu, walisamehewa daktari, nesi na mkunga.

Siku kilipopitishwa, Mama Shuka alimfuata shemeji yake nje, akamshika mkono wa koti.

"Shemeji, daktari akimpasua mtu Jumapili, atamlaza wapi?"

"Kitandani."

"Kitandani juu ya nini?"

"Shemeji, orodha inataja daktari, nesi na mkunga. Shuka haimo."

"Basi itie!"

"Orodha imeshapigwa muhuri," akasema Kifungu, kwa upole wa mtu anayemweleza mwenzake kwamba mvua inanyesha.

Zamu ya Jumapili ilikuwa yake kwa kupenda. Wale wenzake wawili wana watoto wachanga, yeye wanawe wameshaondoka nyumbani, basi alijitolea tangu zamani. Ajali za Jumamosi na akina mama wanaojifungua Jumapili hawangoji baraza likae. Aliingia kazini alfajiri, akafua mkupuo wa kwanza, akauanika, akakimbilia kanisani wakati shuka zinakauka, kisha akarudi kuanua. Na pale kanisani, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi meza ilipoandaliwa, yeye alibaki amekaa benchi la nyuma pamoja na mlinzi wa ghala la saruji na mpishi wa hospitali, wote watatu wakosaji wa ishirini na tatu. Watu waliliita benchi la Jumapili. Mlinzi, mzee mwenye tochi mfukoni hata mchana, alikuwa akinong'ona, "Leo wanakula vizuri wenzetu," na Mama Shuka alikuwa akicheka. Lakini ilimuuma. Niseme wazi kwa sababu yeye hakuwahi kusema: kila mkate ule ulipopita mbele yake kwenda kwa mtu mwingine, iliumiza kama kufukuzwa nyumbani kwa mama yako. Tangu utotoni alikuwa ameula mkate ule akiamini kwamba aliyeutoa anamjua. Sasa kulikuwa na karani mlangoni.

Kitu kimoja hawakumnyang'anya. Kitambaa cheupe cha meza ya Bwana na kanzu nne za wazee wa baraza alikuwa akifua yeye, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Kila siku ya meza kitambaa kilikuwa pale, kimenyooka, hakina hata kivuli cha divai ya mwezi uliopita. Hakuna aliyeuliza kilifikaje katika hali ile. Mambo yanayofuliwa na wanawake huwa hayaulizwi.

Mwaka wa tano wa kifungu kile ulipokaribia kutimia, Kifungu akaleta cha sitini na moja: mshiriki ambaye hajafika mezani kwa miaka mitano jina lake lisomwe mbele ya watu na kufutwa katika daftari la kanisa. Akifa, azikwe na atakayejitokeza. Benchi la Jumapili lilikuwa limebakiwa na mwezi mmoja.

Dada alilia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwokaji wa mkate wa meza kwa miaka mingi, na aliogopa mambo mawili tu duniani, nyoka na kikohozi cha mume wake. Akamwomba mumewe atafute njia, naye akaitafuta. Akamletea Mama Shuka fomu nyumbani.

"Unaandika kwamba kufua kwako Jumapili ni dhambi, unaisoma mbele ya kanisa, unakaa miezi mitatu chini ya marekebisho, unarudi mezani. Shemeji, mimi nakutakia mema. Hata nafasi ya kuweka dole gumba nimekuwekea."

"Najua kuandika."

"Basi vizuri zaidi."

Mama Shuka akaisoma fomu mpaka mwisho, kisha akaisoma tena. "Nitubu nini hasa? Kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa hakulalia damu ya mwenzake?"

"Tubu kama ilivyoandikwa."

"Shemeji, mimi dhambi ninazo. Nina wivu, nina mdomo, kuna jirani yangu mmoja sijamsamehe tangu mwaka wa mafuriko. Niletee fomu ya hizo nisaini hata mara kumi. Hii hapana."

Akamrudishia. Baada ya shemeji kuondoka alikaa kwenye kigoda akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ikamkera zaidi, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imetaka kusaini. Miaka mitano bila mkate ni mingi. Jina kusomwa mbele ya watu ambao umewazika wazazi wao ni aibu ambayo haina mahali pa kuifichia.

Mungu, sijui kama ni Yeye, ila wakati ulifaa mno, akaleta ngiri, ile ya tumboni.

Ijumaa ile Kifungu alikuwa akipeleka kanisani sanduku la chuma lenye daftari za kanuni na majalada yake, likiwemo jalada la Mama Shuka, tayari kwa baraza. Wazee wenzake walitaka kumsaidia, naye akakataa, kwa sababu kifungu cha arobaini kinasema sanduku libebwe na katibu peke yake. Akaliinua. Kitu kikaachia chini ya mkanda wa suruali. Sheria, kwa mara ya kwanza, ilimlemea aliyeitunga. Alifikishwa hospitalini amejikunja, akapasuliwa jioni ileile, na Jumamosi akashinda akiguna na kuwasahihisha manesi lugha.

Yaliyotokea Jumapili Mama Shuka aliyapata kwa nesi wa wodi ya wanaume, na nesi aliyasimulia amejishika mbavu.

Saa za mchana nesi aliingia na shuka safi kubadilisha vitanda. Alipofika kwa Kifungu, akaondoa chafu, na kabla hajatandika nyingine, mzee akainua kidole.

"Binti, hiyo imefuliwa lini?"

"Leo, mzee. Shika, bado ina joto la jua."

Kifungu akarudisha mkono kama aliyeonyeshwa kaa la moto. "Siilalii."

"Kwa nini?"

"Ishirini na tatu, sehemu ya pili. Wala asinufaike."

Nesi akadhani homa imepanda, akampima. Homa haikuwepo. Akambembeleza, akamtisha, akaita daktari, daktari akamtazama mgonjwa, akatazama saa, akaondoka. Kifungu akalala juu ya mpira wa godoro, mgongo wazi, na joto lilikuwa la kupasua bati. Ndani ya nusu saa alikuwa ameganda pale kwa jasho, na kila alipojigeuza mpira ulilia na mshono ukamvuta.

Kitanda cha pili alilala dereva wa lori, mguu juu, plasta hadi pajani, mtu aliyekuwa amechoka kutazama dari. Kwake hii ilikuwa neema.

"Mzee, na huo uji uliokunywa asubuhi ulipikwa lini?"

Kifungu akapitia orodha kichwani. Mpishi hakuwa kwenye orodha. Akausogeza mbali mkate uliobaki kwenye sahani.

"Na maji je? Si kuna mtu anayeendesha pampu?"

Akakisogeza mbali kikombe.

"Na huo upepo wa pangaboi hapo juu, mzee wangu. Umeme unajitengeneza wenyewe Jumapili?"

Kifungu akaomba panga lizimwe. Wodi nzima ikapiga kelele likawashwa tena, basi akajifunika uso kwa mikono ili upepo usimfikie kwa ridhaa yake.

"Hivi," akasema dereva, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Yesu si aliponya watu siku ya kupumzika, na wakubwa wa dini wakamnunia?"

"Yule alikuwa tabibu," Kifungu akajibu kutoka nyuma ya viganja. "Yumo kwenye orodha."

Dada alipofika na kukuta mumewe amebandikwa kwenye mpira, midomo mikavu, bandeji imelowa, hakumwambia kitu. Alikimbia, mwanamke yule ambaye hajakimbia tangu harusi yake, hadi chumba cha kufulia.

"Mdogo wangu, nipe shuka ya Jumamosi."

"Ya Jumamosi?"

"Iliyofuliwa Jumamosi! Anakataa za leo. Mshono utaoza, atanifia kwa ajili ya shuka!"

Mama Shuka alikuwa mezani anakunja. Alitazama marundo yake, moja, mbili, tatu, nne, yote meupe, hayana tarehe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aegemee boila na kuruka kwa kuungua. Dada akakasirika. Mama Shuka akafuta macho, akachukua shuka iliyokuwa juu ya rundo, akaikumbatia, akasema, "Twende."

Alimkuta shemeji yake katika hali ambayo, kwa haki, ilimwondolea kicheko. Mtu mzima, mifupa ya mgongo inahesabika, amejishika tumbo kwa mkono mmoja na daftari la kanuni kwa mkono mwingine. Alikuwa mgonjwa, tena alikuwa na kiu. Mama Shuka akavuta kiti.

"Shemeji, shuka hazina siku. Hii ninayoshika niliifua leo, na Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake. Ile uliyolalia Ijumaa ulipotoka kupasuliwa, nayo imefuliwa Jumapili nyingi kuliko ulizosali wewe. Hapa hakuna iliyo safi kwa kitabu chako."

Kifungu akafumba macho. "Sikujua. Asiyejua ana nafuu, kifungu cha nane."

"Vizuri. Sasa nikujulishe na jingine. Kitambaa cha meza ya Bwana unakijua?"

Macho yakafumbuka.

"Divai haitoki kwa maji ya birika. Inataka maji ya boila. Na boila yetu inanipa nafasi wakati mmoja tu, Jumapili alfajiri, kabla wodi hazijaleta zake. Mama alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo. Kitambaa na kanzu zenu nne."

"Tangu lini?"

"Nimeshasema. Tangu mama."

Midomo ya Kifungu ikaanza kwenda bila sauti. Alikuwa anahesabu. Meza hamsini na tisa tangu kifungu kipite. Hamsini na tisa, na kila aliyekula amekula juu ya kitambaa kilichofuliwa siku ya Bwana, amenufaika, hakustahili kuja. Mchungaji. Baraza. Kwaya. Yeye mwenyewe, wa kwanza mezani kila mwezi kwa cheo, amevaa kanzu. Kwa kitabu alichokiandika kwa mkono wake, kanisa zima lilikuwa halijafika mezani kihalali kwa miaka mitano kasoro mwezi. Kwa kifungu cha sitini na moja, kanisa zima lilipaswa kufutwa.

Akageuza shingo polepole, akatazama kitanda cha dereva, akashusha sauti.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Mbali na huyo."

Mama Shuka akashusha shuka mapajani. Katika miaka yote ile alikuwa amemwona shemeji yake ni mtu mgumu, mtu wa kuchosha, lakini mtu mwenye Mungu. Sasa ndipo alipoona Mungu huyo yuko safu ya ngapi.

"Mbali na huyo, hakuna," akasema. "Inuka nitandike."

Akainuka. Alikuwa ameshapata hoja: aliyekwisha kunajisika mara hamsini na tisa, shuka moja haimwongezei kitu. Mama Shuka akatandika, akakunja pembe, akapiga kofi lake dogo na kusema maneno yake. Kifungu akauliza anasema nini. "Kazi yangu," akajibiwa. Akanywa maji vikombe vitatu, akalala usingizi mzito na kukoroma, na dereva akalalamika.

Wiki moja baadaye, Dada alimletea mdogo wake bahasha. Ndani mlikuwa na barua yenye muhuri: Mama Shuka anarejeshwa mezani kwa huruma ya baraza, bila fomu, bila marekebisho, kuanzia meza ijayo. Jina lake limeondolewa katika orodha ya kusomwa. Chini, kwa penseli inayofutika, shemeji alikuwa ameongeza: "Lile la kitambaa libaki kati yetu wanafamilia."

Hakujibu. Kifungu akachukulia amekubali, maana kifungu cha kumi na saba kinasema anayenyamaza ameridhia. Na ukweli ni kwamba karibu aridhie. Aliisoma barua ile mara nyingi, akaiweka chini ya mto, na usiku wa kuamkia meza alikosa usingizi kwa furaha kama msichana. Angeula mkate. Kilichobaki ni kufunga mdomo, jambo ambalo hata watu wenye midomo mikubwa huweza wakilipwa vizuri.

Alfajiri akafua kitambaa. Maji yalikuwa moto sawasawa, doa likatoka. Akakipiga pasi kikiwa kibichi kidogo, akakikunja, akakipeleka kanisani, akakitandika mwenyewe. Kisha akaenda kukaa benchi la nyuma kwa mazoea. Mlinzi wa ghala alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa ameitoa tochi mfukoni na kuiacha nyumbani, kana kwamba bila tochi hawatamtambua.

Kifungu akasimama na fimbo, kiuno kimefungwa mkanda mpana chini ya kanzu, akafungua daftari. "Wanaofutwa leo kwa kifungu cha sitini na moja. Mlinzi wa ghala la saruji. Mpishi wa hospitali." Akafunga daftari. Mlinzi akatazama sakafu. Mpishi, mwanaume mkubwa wa kunyanyua masufuria, akaanza kupapasa kofia yake atoke. Watu wakageuka kumtazama Mama Shuka, wakashangaa jina lake limekwenda wapi.

"Wanaostahili wasogee mezani," akasema mchungaji kwa sauti yake ndogo, akitazama kwanza upande wa Kifungu kama ilivyokuwa desturi yake.

Mama Shuka akasimama, akapita katikati ya mabenchi, wa kwanza.  Mkate ulikuwa pale karibu naye, umbali wa mkono tu. Mchungaji akaumega, akamnyooshea. Naye badala ya kuupokea akaweka kiganja juu ya meza.

"Mchungaji, gusa hiki kitambaa."

"Kina nini?"

"Gusa tu."

Mchungaji akagusa. "Kina joto."

"Nimekipiga pasi asubuhi hii. Nimekifua leo, kama ninavyokifua Jumapili ya kila meza miaka yote, na hizo kanzu zenu. Shemeji anajua, nilimwambia wodini. Barua yangu hii hapa imepigwa muhuri ili nisiseme." Akaiweka juu ya kitambaa. "Kama yule mlinzi anafutwa, tunafutwa wote, kuanzia aliyeshika mkate. Kama hatufutwi, naye aje ale."

Kukazuka kelele. Mzee mmoja wa baraza alianza kuivua kanzu yake kwa haraka, akakumbuka ndani amevaa fulana yenye matundu, akairudisha. Kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa, kisha ikauacha njiani. Mchungaji akageuka.

"Mzee, kitabu kinasemaje?"

Kifungu alifungua daftari. Alitafuta mbele, akatafuta nyuma, akalamba kidole na kutafuta tena, na kila mtu alimwona jasho. Hapa ningependa kumcheka, ila mtu yule alikuwa ameshikwa na kitu alichokiita Mungu kwa miaka saba, na kilikuwa hakimwachii.

"Kitabu kinasema hakuna wa kula," akasema.

Akafunga daftari, akachukua fimbo, akateremka, akatembea kuelekea mlangoni huku akijishika mshono. Alitembea polepole ili watu wapate nafasi ya kumfuata. Alifika mlangoni, akatoka. Hakuna aliyeinuka.

Mchungaji alibaki na kipande mkononi. Alitazama mlango, akasubiri kile kikohozi cha Kifungu, hakikuja. Akatazama watu wake kama aliyewaona leo.

"Benchi la nyuma lije mbele," akasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

Mlinzi akaja, mkono kwenye mfuko usio na tochi. Mpishi akaja na kofia mkononi. Mama Shuka akapewa mkate wake, na hapo maneno yote aliyokuwa nayo maishani yakamwishia. Akaumega vipande viwili. Kimoja akala pale pale, macho yamefumbwa, na alilia bila kujificha. Cha pili akakishika kiganjani, akatoka nje.

Kifungu alikuwa amekaa ngazi ya chini, daftari mapajani, peke yake. Hakugeuka.

"Shemeji," akasema Mama Shuka, "kula."

Akautazama ule mkate. 

"Umeokwa lini?"

"Muulize aliyeuoka."

Dada alikuwa amesimama mlangoni nyuma yao, mikono kiunoni, na siku hiyo hakuonekana kuogopa nyoka wala kikohozi. "Leo alfajiri, baba watoto. Jikoni kwako, wewe unakoroma. Mkate wa Jumamosi ulikuwa mkavu kama soli, wazee walikuwa wanakabwa mezani. Mwaka wa tatu huu. Si ulisema mwenyewe siku hizi unashuka vizuri?"

Kifungu akaweka daftari chini. Akatazama njia upande huu, akatazama upande ule. Hapakuwa na mtu mwingine, mbali na yule mmoja. Akapokea kipande, akala haraka haraka, na makombo yakabaki kwenye kanzu.

Mama Shuka akampiga kofi dogo la begani kwa kiganja, akashuka ngazi, akaenda kuanua shuka zake.